Umefeli mtihani wa udereva Uingereza tena? Anza na karatasi ya matokeo, kisha mtazame mwalimu wako

Nilifeli mtihani wa udereva hapa Milton Keynes mara nne. Wa tano nikafaulu. Kati ya ule wa nne na wa tano kuna mambo niliyobadilisha, na hayo ndiyo nataka kukupa wewe ambaye leo umetoka kituoni ukiwa huna hamu hata ya kula.

Mimi ni wa Morogoro. Nyumbani niliendesha IST miaka sita, mjini na barabara ya Dar, nikipita Chalinze katikati ya malori na mabasi. Nilipokuja huku kuhudumia wazee majumbani nilijua mambo mengi yatanisumbua, lakini gari halikuwemo. Na huku wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo nikaona kazi imekwisha.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu wengi wetu tunapoteza mwaka mzima bila kujua. Leseni ya Tanzania, ya Kenya au ya Uganda huwezi kubadilishiwa hapa ukapewa ya Uingereza, kama wanavyobadilishiwa wenzetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu ulipoanza kuishi hapa. Siku ya mwisho ikipita, dereva wa miaka sita unabandika L kwenye gari na kukaa na msimamizi pembeni kama kijana wa miaka 17. Kama umefika juzi, omba leseni ya kujifunzia sasa hivi, fanya nadharia, kata tarehe ya mtihani ukiwa bado unaendesha kwa leseni ya nyumbani. Mimi nilisubiri mpaka mwezi wa 11. Matokeo yake kazini nikawa napewa wazee wa karibu tu, wale wa kufikika kwa miguu, na saa zikapungua.

Kusanya matokeo yako yote

Ukifeli, mtahini anakueleza papo hapo ndani ya gari, halafu unatumiwa muhtasari kwa barua pepe. Najua ile dakika masikio yanaziba. Unasikia neno la kufeli tu, mengine yote yanapita. Ndiyo maana ule muhtasari ni mali. Usiufute kwa hasira. Mimi wa kwanza niliufuta, nikaja kuutafuta baadaye kwenye pipa la barua pepe.

Makosa yako ya aina tatu. Kuna madogo, na unaruhusiwa mpaka 15. La 16 linakuangusha. Kuna mazito, na kuna ya hatari. Hayo mawili ya mwisho, moja tu linatosha kukufelisha hata kama huna dogo hata moja. Tena kosa dogo likijirudia safari nzima, mtahini anaweza kulihesabu kuwa zito, maana linaonyesha ni tabia.

Sasa chukua daftari. Ukurasa mmoja, andika kila mtihani, kosa lililokuangusha, na mahali lilipotokea. Mahali hapakai kwenye muhtasari, kwa hiyo paandike siku hiyo hiyo kabla hujasahau. Wangu ulikuwa hivi. Wa kwanza: kutoka kwenye kipilefti bila kuangalia kioo cha kushoto, gari lilikuwa pembeni. Wa pili: kuingia kipilefti kwa kasi, mtahini akakanyaga breki. Wa tatu: kusita, nilisimama kwenye kipilefti nafasi zikapita tatu na foleni ikajaa nyuma yangu. Wa nne: kasi tena, breki ya mtahini tena.

Anayeujua mji huu ataelewa uzito wa jambo hilo. Milton Keynes ina kipilefti zaidi ya mia moja. Barabara kuu zimepangwa kama miraba, zile za H zinakwenda upande huu na za V upande ule, na karibu kila zinapokutana kuna kipilefti. Huwezi kufanya mtihani hapa ukaziepuka. Mitihani yangu yote minne iliishia kwenye kipilefti, na kwa miezi 14 hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Niliuona mwenyewe, usiku, mezani jikoni, baada ya kuandika mistari minne.

Wewe wako unaweza kuwa kitu kingine: kugeuka kulia, kuondoka pembeni ya barabara bila kutazama begani, kupaki kwa rivasi. Lakini ukishafeli mara mbili au tatu, andika. Karibu kila mara kuna mstari mmoja unaounganisha yote.

Kiatu cha kahawia

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa nyumbani. Tulipewa namba yake kwenye sherehe, na mimi nilifurahi kwamba nitaelekezwa kwa Kiswahili. Nilimwita Kaka. Alikuwa mcheshi, anajua mji, bei yake pauni 36 kwa saa wakati wengine walitaka 40. Nilipofeli mara ya kwanza alisema, "Dada, ni bahati tu." Ya pili akasema mtahini yule ana roho mbaya. Ya tatu akasema naogopa sana. Ya nne akasema, "Tukate mwingine."

Nakusimulia siku moja tu, ya Alhamisi jioni, mvua inanyesha, wiki mbili baada ya mtihani wa nne. Tulikuwa barabara ya H8 tunakaribia kipilefti. Kaka anaongea na simu, kaiweka spika. Nikashuka gia ya tatu, nikagusa breki kidogo. Gari likapungua mwendo kuliko nilivyokanyaga. Nililisikia kwenye kiti, mgongo ulisogea mbele. Nikatupa jicho chini upande wake, nikaona kiatu chake cha kahawia kimekaa juu ya pedali. Magari ya kufundishia yana breki na klachi upande wa mwalimu pia. Yeye akaendelea na simu yake kama hakuna kilichotokea.

Nikamuuliza, "Kaka, umekanyaga breki?"

"Kidogo tu dada, nakusaidia."

Nilipaki pembeni kwenye kituo cha mafuta, nikazima gari. Nilikuwa natetemeka. Kwa miezi 14, kila nilipokaribia kipilefti, mguu wake ulikuwa unafanya nusu ya kazi yangu. Mwili wangu ulishazoea kwamba ukikanyaga kiasi hiki gari linapungua kiasi kile. Siku ya mtihani mguu ule haukuwepo, gari lilikwenda kama nilivyoliamuru mimi, yaani kwa kasi, na mtahini akalazimika kukanyaga. Na ule mtihani wa tatu niliosita? Nako ni hivyo hivyo. Katika masomo alikuwa ananiambia "sasa, ingia." Siku ile hakuna aliyesema "sasa", nikangoja sauti ambayo haikuja.

Kwa hiyo, kabla ya kujilaumu kwamba huna akili ya kuendesha, tafuta kwanza ni kitu gani mwalimu wako anakufanyia ambacho siku ya mtihani hakitakuwepo. Inaweza kuwa mguu. Inaweza kuwa mdomo: "kioo, indiketa, taratibu, haya nenda." Inaweza kuwa mkono unaogusa usukani kidogo kwenye kona. Inaweza kuwa njia, anakupitisha barabara zile zile nane kila wiki mpaka unazijua kama za kwenda sokoni, halafu siku ya mtihani unapelekwa ya tisa.

Mpime mwalimu kwa maombi matatu

Ombi la kwanza: "Naomba leo tuendeshe dakika 40 usiseme chochote ila njia ya kwenda, na miguu yako irudi nyuma mbali na pedali." Dakika 40 ndio urefu wa mtihani, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Mwalimu mzuri atafurahi. Atachukua karatasi, ataandika makosa kama mtahini, na mwishoni atakusomea moja moja. Kaka alikubali, kisha baada ya dakika tano akaanza kunielekeza. Nikamkumbusha, akacheka, akaanza tena.

La pili: "Siku ya mtihani naomba ukae kiti cha nyuma, au angalau uje usikilize mtahini anapotoa matokeo." Hilo linaruhusiwa. Ni haki yako kumwomba, na mtahini mwenyewe atakuuliza kama unataka. Kaka mitihani yote minne alibaki chumba cha kusubiri. Makosa yangu aliyajua kwa mdomo wangu tu, mimi niliyekuwa nalia.

La tatu: "Leo tunajifunza nini?" Uliza kabla ya kuwasha gari. Na mwisho wa somo uliza, "Nini kimekuwa bora na nini bado?" Kama jibu kila wiki ni "unaendelea vizuri", basi hafuatilii.

Tazama pia kioo cha mbele. Anayelipwa kufundisha udereva lazima abandike kibali. Cha kijani chenye pembe nane ni cha mwalimu aliyekamilisha mitihani yote. Cha pinki chenye pembe tatu ni cha mwanafunzi wa ualimu, ambaye anaruhusiwa kufundisha kwa muda akijiandaa. Wa pinki si lazima awe mbaya, nimesikia wazuri, ila una haki ya kujua na bei iendane na hilo. Asiye na kibali kabisa anavunja sheria akikutoza pesa, hata kama ni ndugu wa rafiki yako na anakupunguzia bei.

Kuna dalili nyingine hazihitaji kipimo. Anachelewa dakika 15 na saa inaisha pale pale. Anapita kumchukua mwanafunzi mwingine ndani ya saa yako. Anakwenda kwenye shughuli zake kwa gari unaloendesha wewe. Anakufokea mbele ya kipilefti mpaka mikono inakufa ganzi. Mimi niliyavumilia matatu kati ya hayo kwa sababu alikuwa wa kwetu na nilimwonea haya. Nilihesabu baadaye: saa 52, pauni 1,872, bila ada za mitihani. Kwa pesa hiyo mdogo wangu angemaliza shule.

Kuachana naye bila ugomvi

Tumelelewa kumheshimu mwalimu, na hilo silipingi. Lakini heshima haihitaji uendelee kumlipa. Usipige simu, maana kwenye simu atakubembeleza na utakubali. Mimi nilituma ujumbe huu:

"Habari za leo Kaka. Nashukuru kwa muda wote ulionifundisha. Nimeamua kubadilisha mwalimu kuanzia wiki hii. Nilikulipa saa 4 ambazo hatujazitumia, pauni 144. Naomba unirudishie kabla ya tarehe 30. Nakutakia kazi njema."

Hakuna malalamiko, hakuna maelezo ya kwa nini. Ukieleza kwa nini, mtabishana. Alinijibu kwamba pesa hairudi. Nikamtumia tarehe za masomo yote na risiti za benki, nikamwandikia kwamba nitakwenda Citizens Advice, wale wanaosaidia watu bure kwenye madai kama hayo. Baada ya siku tisa akarudisha. Toka hapo silipi zaidi ya somo moja mbele, hata nikiahidiwa punguzo la saa kumi.

Mamlaka ya mitihani, DVSA, inapokea malalamiko kuhusu mwenendo wa walimu: lugha chafu, kushikwa mwili bila sababu, kufundisha bila kibali. Hayo yapeleke, hasa wewe dada unayefundishwa na mwanaume mmoja ndani ya gari. Ya kudaiana pesa wao hawaamui.

Na kama mtihani ulikatwa kwa barua pepe ya mwalimu, hakikisha unaushika wewe mwenyewe kabla ya kutuma ujumbe wa kuachana. Mtihani ukae kwenye jina lako, leseni yako, barua pepe yako, simu yako. Mwenzangu mmoja kazini alipoteza tarehe aliyoisubiri miezi mitano kwa sababu hii tu.

Mwalimu wa pili, na kuendesha kwa kusema

Nilimpata kwa kuwauliza wenzangu kazini swali moja: nani mwalimu wake alikaa kimya? Nikaelekezwa kwa mama mmoja Mwingereza wa makamo. Nililipa saa moja kwanza, ya kumjaribu. Nilimpelekea ule ukurasa wa daftari. Akausoma mpaka mwisho, akavuta kiti chake nyuma, akakunja miguu mbali na pedali ili niione. Halafu akasema niendeshe hadi kipilefti ya kwanza na nimwambie kwa sauti kila ninachokiona na ninachotaka kufanya.

Nikajaribu kwa Kiingereza, maneno yakawa yanachelewa. Jicho linaona, ulimi unatafuta neno, gari limeshafika. Akasema, "Sema kwa lugha yako. Sihitaji kuelewa, nahitaji kukusikia." Nikaanza Kiswahili, na kila kitu kikatulia:

"Bango la kipilefti. Nataka njia ya tatu, nashika kulia. Kioo cha kati, kioo cha kulia, indiketa kulia. Breki. Gia ya tatu. Breki, gia ya pili. Kulia kuna gari jeupe, linapita. Nyuma yake pana nafasi. Naingia. Njia ya kwanza hiyo, ya pili hiyo. Kioo cha kushoto, indiketa kushoto, bega la kushoto, pako wazi, natoka."

Hii ndiyo njia iliyonifaulisha, na naomba uijaribu hata kama mwalimu wako hajakuambia. Mdomo hauwezi kusema "kioo cha kushoto" kama jicho halijakwenda. Ukiruka hatua, unajisikia mwenyewe umeiruka. Na huyo mama, bila kujua neno hata moja, aliweza kuniambia, "Pale ulinyamaza. Kwa nini?" Kila niliponyamaza ndipo palipokuwa na kosa. Baada ya wiki tatu nilikuwa nasema moyoni tu, na mpangilio ukabaki.

Fanya hivyo hata ukiwa abiria. Kwenye basi la saa 12 asubuhi nilikuwa nakaa kiti cha mbele juu na kusema kimoyomoyo anachopaswa kufanya dereva.

Tuliyokuja nayo kutoka nyumbani

Sisi tulioendesha Afrika Mashariki hatuanzi sifuri, na hiyo ina faida na hasara. Klachi na rivasi havitusumbui. Yanayotuangusha ni mengine, na walimu wengi wa huku hawayajui kwa sababu wamezoea kufundisha watoto ambao hawajui kitu.

Nyumbani unaingia makutano kwa kusogeza pua ya gari mpaka upewe nafasi. Huku hilo ni kosa zito, unamlazimisha mwenzako apunguze. Kwenye zebra, nyumbani mtu anasubiri gari lipite. Huku ukiona mtu anakaribia ukingoni jiandae kusimama. Nyumbani akikuwashia taa mwenzako anaweza kuwa anakuambia kuna trafiki mbele. Huku taa anayokuwashia isikufanye uingie, tazama barabara mwenyewe. Mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umelala kwenye gia, acha.

Spidi nayo. Nyumbani tunajua ile 50 ya vijijini na askari mwenye tochi nyuma ya mwembe. Huku hesabu ni maili. Mtaa wenye taa za barabarani ni maili 30 isipokuwa bango liseme vingine, na mabango ya 20 yamejaa. Milton Keynes unatoka barabara ya maili 60 au 70 unaingia mtaani ndani ya sekunde chache. Mtahini anatazama kama umepunguza kabla ya kupita bango. Vilevile anatazama kama umepandisha ulipotoka. Kutambaa maili 35 kwenye barabara ya 60 bila sababu kunakufelisha pia, na baada ya kufeli mara mbili tatu wengi tunaanza kutambaa.

Kichwa nacho kisogee. Macho yangu yalikuwa yanaona kioo bila kichwa kutikisika, na mtahini hawezi kuingia ndani ya jicho langu. Si lazima uzungushe shingo kama bundi, geuza kidogo aone.

Tarehe, pesa, na mazoezi ya nje

Mtihani wa vitendo ni pauni 62 siku za kazi, 75 jioni, wikiendi na sikukuu. Ukifeli unasubiri siku 10 za kazi kabla ya kufanya tena, ingawa kiukweli utasubiri miezi kwa sababu nafasi hazipo. Ukitaka kughairi au kuahirisha bila kupoteza ada, fanya siku 10 kamili za kazi kabla. Nafasi mpya nilikuwa nazitafuta Jumatatu saa 12 asubuhi kwenye tovuti ya serikali. Usinunue nafasi kwa watu wanaoziuza pauni 200 na zaidi mitandaoni.

Cheti cha nadharia kinaishi miaka miwili tu. Changu kiliisha kabla ya mtihani wa tano. Nikarudia: pauni 23, maswali 50 na unatakiwa upate 43, halafu video za kutambua hatari, alama 44 kati ya 75. Nadharia haifanyiki kwa Kiswahili na mkalimani haruhusiwi, kwa hiyo kama lugha inakusumbua soma kile kitabu cha sheria za barabarani kwa sauti, sura moja kila siku. Mimi kurudia kulinisaidia, nilielewa mambo ambayo mara ya kwanza nilikariri.

Usikate rufaa kwa sababu unaona umeonewa. Hata ukishinda, matokeo hayabadiliki. Kikubwa utapewa mtihani mwingine bure, na hiyo ni pale tu mtahini alipokiuka utaratibu.

Ukiwa na shemeji au rafiki wa kukaa naye, fanya mazoezi mengi ya nje kadiri uwezavyo. Awe na zaidi ya miaka 21, awe na leseni kamili kwa miaka mitatu, na leseni hiyo iwe ya Uingereza au ya nchi za Ulaya zinazokubaliwa. Ya Tanzania haihesabiki hata kama ana miaka 20 nayo. Gari liwe na L na bima inayokutaja wewe. Kuna bima za mwanafunzi za siku moja au za mwezi. Mtu asikudanganye kwamba bima ya mwenye gari inakufunika.

Na tarehe usiipange kwa pesa uliyonayo wala kwa hasira. Mwalimu wangu wa pili alisema nifaulu kwanza mitihani miwili ya majaribio, ya kimya, katika njia ambazo sijazoea. Ya kwanza nilifeli. Ya pili na ya tatu nikafaulu, ndipo tukaendelea na tarehe.

Siku yenyewe

Usiitangaze. Mitihani minne ya kwanza ilijulikana mpaka Morogoro. Mama alikuwa anapiga simu saa ile ile natoka, "Leseni umepata?" Kumjibu kuliniuma kuliko kufeli. Wa tano alijua mume wangu peke yake.

Kula. Omba saa moja ya kuendesha kabla, lakini usijifunze jipya. Utasomeshwa namba ya gari umbali wa mita 20, utaulizwa swali la usalama wa gari kabla ya kuondoka na lingine ukiwa unaendesha. Utafanya rivasi ya aina moja. Kama dakika 20 utafuata mabango au ramani ya kifaa bila kuelekezwa. Ukikosea njia hakuna kosa, alimradi umekosea kwa usalama: ukijikuta mstari wa kushoto na wewe unatakiwa kulia, nenda kushoto, yeye atakurudisha. Mimi nilikosea kipilefti moja hivyo hivyo, nikatoka njia ya pili badala ya ya tatu, na haikuandikwa popote. Hujasikia, mwombe arudie.

Akigusa tableti yake, usihesabu. Anaweza kuwa anaandika kitu chochote. Nilifeli mtihani wa kwanza, naamini, kwa sababu dakika ya 10 nilidhani nimeshafeli nikaacha kutazama vioo. Ukihisi umekosea, anza kusema moyoni tena kwa Kiswahili kuanzia bango linalofuata.

Ukifaulu, unaweza kuendesha siku hiyo hiyo ukishakuwa na bima. Ila pointi sita za adhabu ndani ya miaka miwili ya kwanza zinafuta leseni, na kushika simu tu ukiendesha ni pointi sita. Unarudi kwenye nadharia na mtihani upya.

Mtihani wangu wa tano una makosa madogo manne. Moja ni la kioo, kwenye kipilefti, nikitoka H8. Nimeliandika kwenye ukurasa ule ule wa daftari, chini ya mistari minne, na mahali lilipotokea.